Kazi Iko Kwenye Kurudi

Nesi aliweka kiganja chake chini ya kitovu changu, upande wa kushoto, akakandamiza taratibu kama mtu anayezuia mlango usisukumwe na upepo. Hakusema neno. Daktari aliyesimama nyuma yangu alikuwa ameshaacha kusukuma. Kwenye skrini mbele ya macho yangu ukuta wa waridi wa utumbo wangu mwenyewe ulikuwa umeganda palepale kwa muda, halafu picha ikaanza kusogea: mkunjo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kona ikafunguka. Niligeuza shingo nimtazame daktari. Mkono wake wa kulia ulikuwa unavuta. Alikuwa anautoa mrija nje, na kamera ilikuwa inakwenda ndani.

Nimekuwa nikiufikiria mkono ule kwa miezi sasa. Wanaoniuliza juu ya kipimo cha utumbo mpana, kile madaktari wanachokiita kolonoskopia, huuliza kama kinauma na kama kinaaibisha. Nawajibu, maana ni maswali ya haki. Lakini ninachotamani wajue ni kwamba kipimo kile hufanywa kwa mikono, kama ususi au useremala, na mgonjwa naye ana sehemu yake katika kazi ile. Akiharibu sehemu yake, hata fundi hodari kuliko wote haoni kitu.

Sikwenda pale kwa udadisi. Baba yetu alianza kuona damu chooni akiwa na miaka 58. Kwa miezi mingi aliambiwa ni bawasiri. Alipewa dawa ya kupaka, akapewa vidonge, na jamaa wakamletea mizizi ya kuchemsha. Hakuna aliyeingiza hata kidole kupima. Alipofikishwa hatimaye kwenye kamera, kamera haikupita, kwa sababu uvimbe ulikuwa umeshaziba njia. Damu chooni inaweza kweli kuwa bawasiri, na mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini bawasiri haithibitishwi kwa kusimuliwa. Kwa familia yenye historia kama yetu, ushauri ni kwamba wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa waanze kupimwa wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia ndugu yao, kutegemea kipi kinatangulia. Mimi nilikwenda nikiwa na 49. Nilichelewa, na ninaandika hapa ili mwingine asichelewe.

Wapo wanaosema kuwa saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa Wazungu. Kauli hiyo ina asili yake, na asili yenyewe iko kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kwa takribani miaka 20 hadi 1966, sehemu kubwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aligundua kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu sana kwa watu wa vijijini Afrika, na mwaka 1971 akaandika kuwa siri huenda iko kwenye chakula chenye makapi mengi, kinachopita tumboni haraka na kutoa choo kingi na laini. Alichokiona kilikuwa cha kweli kwa wakati ule. Lakini vyakula vyetu vimebadilika, miji imekua, na leo madaktari wa Afrika Mashariki wanaipata saratani hii mara nyingi zaidi, hata kwa watu wasiofika miaka 50. Marekani, mtu asiye na dalili wala historia ya familia alikuwa akishauriwa kuanza kupimwa na miaka 50. Sasa wameteremsha hadi 45.

Bibi yangu wa Pangani alikuwa na siku ya haluli. Kila likizo ndefu wajukuu tulipangwa barazani, kila mmoja akapewa kikombe chake cha chumvi ile chungu iliyokorogwa kwa maji ya moto, na asubuhi nzima hatukwenda mbali na choo. Kwa hiyo nilipopewa dawa ya kusafisha tumbo nilidhani naijua kazi hiyo. Sikuijua. Bibi alikuwa anafungua tumbo tu, lakini hapa unatakiwa uliache tupu, kuta zake zikiwa safi kama bakuli lililosuguliwa.

Kazi huanza siku mbili tatu kabla. Nilitazama jikoni kwangu kwa macho mapya. Vile vyote Burkitt alivyovisifu ndivyo vilivyotakiwa kuondoka kwa muda: maharage, mchicha, bamia, dona, mapera, pasheni, nyanya na mbegu zake. Nilibaki na wali mweupe, mkate mweupe, mayai na samaki. Siku moja kabla ya kipimo, chakula kigumu nacho kikakoma. Ikawa chai ya rangi, supu iliyochujwa, na madafu, ambayo namshukuru Mungu ni maji yanayopitisha mwanga. Rozela niliikosa, maana kinywaji chochote chekundu au cha zambarau kikibaki ukutani huonekana kama damu. Vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma, niliviacha wiki moja kabla, kwa kuwa hukifanya choo kuwa cheusi na chenye kunata. Hapa niseme kwa msisitizo: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au dawa za kisukari, asiache wala asiendelee kwa akili yake mwenyewe. Amuulize daktari mapema, ampe orodha yote. Mwenye ugonjwa wa figo naye aseme, kwa sababu baadhi ya dawa za kusafishia tumbo zinaweza kumdhuru.

Dawa yangu ilikuwa unga wa kuchanganywa na maji, jumla lita 4. Zamani watu waliinywa yote jioni. Siku hizi hugawanywa: nusu jioni, nusu nyingine saa nne hadi sita kabla ya kipimo, ikishamalizwa angalau saa mbili kabla. Sababu yake ni nzuri, na ukiijua utaamka. Usiku wote utumbo mwembamba unaendelea kuteremsha majimaji na nyongo, na ile nyongo hujipaka kwenye mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia, mahali ambapo vinyama vinavyoota ukutani, vile vya kutisha zaidi, hupenda kujilaza bapa. Dozi ya alfajiri ndiyo inayoosha pale. Miadi yangu ilikuwa saa nne asubuhi, kwa hiyo saa kumi alfajiri niliketi mezani na jagi. Dawa nilikuwa nimeiweka kwenye barafu tangu usiku, maana baridi huficha ladha, nikanywa glasi moja kila robo saa, na adhana ya kwanza ilinikuta glasi ya tano. Pembeni ya choo niliweka maji ya uvuguvugu na mafuta ya mgando, na mafuta yale niliyapaka tangu mwanzo bila kusubiri ngozi ianze kuwaka.

Alama ya kumaliza ni hii: kinachotoka kifanane na mkojo, majimaji ya manjano mepesi unayoona kitu kupitia ndani yake. Kikiwa bado cha kahawia, au kina chembe, sema kabla hujapanda kitandani. Madaktari hutoa alama za usafi kwa vipande vitatu vya utumbo, kila kipande kuanzia 0 hadi 3, jumla 9. Yangu iliandikwa 8, na nakiri nilifurahi, kwa kuwa ile ndiyo alama ya kazi yangu. Nyingine zote katika karatasi ya majibu zilikuwa za kazi ya wengine.

Chumbani nilipewa bukta ya kitambaa chepesi yenye uwazi nyuma. Kilichoonekana kilikuwa kidogo kuliko nilivyoogopa, na shuka ilifunika kilichobaki. "Baba, lala ubavu wa kushoto, magoti yaje kifuani," nesi aliniambia, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mzee wake nyumbani. Wagonjwa wengi hupewa dawa ya usingizi, mwepesi au mzito, na hawakumbuki kitu. Anayeipata lazima aje na mtu wa kumrudisha, asiendeshe gari wala kutia saini mambo mazito hadi kesho yake. Mimi niliomba kiasi kidogo tu, nibaki naona. Siwashauri watu wote wafanye hivyo, lakini nilitaka kuona kile ambacho hakikuweza kupita kwa baba.

Kabla ya kuanza daktari alinionyesha chombo. Ni mrija mweusi, mrefu kama mita moja na nusu hivi, mnene kama kidole cha mwisho. Ncha yake ina taa, kamera, tundu la kupuliza hewa na maji, na mdomo wa njia inayopita ndani ya mrija wote, ambayo hufyonza maji na hupitisha vifaa. Kwenye mshikio kuna magurudumu mawili, moja juu ya jingine. Kubwa hupandisha na kushusha ncha, dogo huipeleka kushoto na kulia. Mkono wa kushoto hushika mshikio. Gumba hucheza na gurudumu, vidole viwili hukaa kwenye vitufe vya kufyonza na kupuliza. Mkono wa kulia hushika mrija wenyewe, karibu na mgonjwa, na kazi yake kubwa ni kusokota. Nilimtazama akijaribu kila kitufe kabla ya kunipima, kama rubani anavyofanya kabla ya kuruka, na hofu yangu ikapungua nusu.

Kufika kwenye chombo kile kulichukua muda mrefu. Tangu mwanzo wa karne ya 19 watu walijaribu kutazama ndani ya mwili kwa mirija migumu na mwanga wa mshumaa, lakini mrija mgumu unafika mahali utumbo unapopinda, na hapo safari inaisha. Ilibidi mwanga wenyewe ufundishwe kupinda. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, Marekani, alishirikiana na wenzake kutengeneza nyuzi nyembamba za kioo, kila uzi umevikwa kioo cha aina nyingine ili mwanga usivuje, wakazifunga maelfu kwa pamoja. Mwaka 1957 alipopata chombo cha kwanza cha kutazama tumbo, hakumpa mgonjwa. Alikimeza yeye mwenyewe. Kisha mwaka 1969, katika hospitali ya Beth Israel jijini New York, William Wolff na Hiromi Shinya, daktari mzaliwa wa Japani, walikuwa wakipita na mrija kama huu kwenye utumbo mpana wote, na Shinya akapitisha kitanzi cha waya ndani yake, akakaza, akapeleka umeme, akakiondoa kinyama. Kabla ya hapo, mwenye kinyama kilicho mbali ndani alipasuliwa tumbo. Mwaka huohuo, katika maabara za Bell, Willard Boyle na George Smith walibuni kile kipande kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme, ambacho miaka mingi baadaye kilikaa kwenye ncha ya mirija hii na kuzistaafisha nyuzi za kioo. Kwa sababu yake mimi na nesi na daktari tuliweza kuutazama utumbo mmoja kwenye skrini moja.

Sasa nirudi kwenye mkono unaovuta.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na haujakaa tumboni kama bomba lililopigiliwa ukutani. Upande wa kushoto unaoteremka na upande wa kulia unaopanda zimeshikizwa nyuma, lakini katikati yake, na hasa ile sehemu ya chini inayopinda kama herufi S, inaning'inia huru kwenye utando. Ukisukuma mrija pale, sehemu huru inatanuka na kupanda kuelekea mbavuni kama puto, na mrija unajikunja kitanzi ndani yake. Mkono unasukuma, nje unaona mrija unaingia, lakini ncha haiendi. Wakati mwingine inarudi nyuma kabisa. Na mgonjwa anaumia, kwa kuwa utumbo hausikii kisu lakini unasikia sana kuvutwa na kutanuliwa. Maumivu ya kipimo hiki, kwa sehemu kubwa, ni kitanzi hicho.

Nililisikia lile donge la maumivu likikua, nikasema. Daktari alisimama mara moja. "Asante kwa kusema, baba. Hicho ni kitanzi, nakifungua." Akafyonza hewa ili utumbo unywee, akausokota mrija kulia kwa mkono wa kulia, na huku akisokota akavuta. Nesi akakandamiza tumbo kuzuia kitanzi kisijijenge tena. Maumivu yakayeyuka kabla sijamaliza kuvuta pumzi, na ncha ikakimbilia mbele.

Baadaye nilimuuliza jambo hili kwa kirefu, akaniambia kuwa anayejifunza huwa anasukuma, na kwamba mwalimu wake alikuwa akimgusa kiwiko kila aliposukuma bila kuona njia mbele. Ilimchukua mamia ya wagonjwa, kwanza chini ya macho ya mwalimu, hadi mkono wake ukaanza kujua kabla ya kichwa. Nikamuuliza mkono unajua nini. Akafikiri. Akasema mrija ulionyooka unatii: ukiusokota hapa, ncha inageuka kule, papo hapo. Mrija wenye kitanzi ni mzito, unasokota na ncha haijali. Mkono unausikia ule uzito.

Nyumbani kwetu Tanga mapazia yalining'inizwa kwa waya uliopita ndani ya upindo. Ukivuta pazia upande mmoja, mita mbili za kitambaa hukunjamana zikawa shibiri mbili, na waya unabaki umenyooka. Ndivyo ilivyo. Fundi mzuri haupeleki mrija kwenye utumbo. Anauvuta utumbo uje kwenye mrija, ukunjamane juu yake kidogo kidogo. Anapofika mwisho, urefu wa mita moja na nusu umekaa juu ya mrija wa sentimita 70 au 80 tu.

Njia ina alama zake. Sehemu inayokatiza tumbo kutoka kushoto kwenda kulia ina umbo la pembetatu, mikunjo mitatu mitatu, kama unapita ndani ya msururu wa mahema. Kwenye kona ya kulia, chini ya mbavu, ukuta una kivuli cha samawati, na daktari aliniambia kile ni kivuli cha ini langu, linaegemea utumbo upande wa pili. Kisha njia ikateremka, ikaishia kwenye uwanja mdogo usio na mlango. Pale kwenye sakafu palikuwa na kitundu kama kovu la kitovu: mdomo wa kidole tumbo. Pembeni, kitundu chenye midomo minene ambako utumbo mwembamba unamimina. Nesi alipunguza taa za chumba, akafunua kipande cha shuka, na chini kulia kwenye tumbo langu nikaona ngozi inang'aa nyekundu kutoka ndani, kama kiganja cha mtoto kilichofunika tochi. Daktari akapiga picha za vile vitundu viwili. Picha hizo ni haki ya kila mgonjwa kuziuliza, maana ndizo zinazothibitisha kwamba kamera ilifika mwisho.

Nesi akaandika saa kwenye karatasi: 4:31. Nikadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza kazi inaanza.

Kwenda ni kusafiri, na kutazama hufanyika wakati wa kurudi. Utumbo una mikunjo kama ngazi za ndani ya kisima, na nyuma ya kila mkunjo kuna kivuli ambacho kamera, ikitazama mbele, haikioni. Kwa hiyo daktari alirudi kwa mwendo wa mtu anayetafuta pete iliyodondoka kwenye majani. Alivuta kidogo, akainamisha ncha nyuma ya mkunjo, akaizungusha ukuta mzima, akaona kidimbwi cha maji ya manjano, akakifyonza, akaosha, akatazama pale palipokuwa na maji. Mkunjo mmoja ulimponyoka, ukapita kwa kasi kutokana na pumzi yangu, akaenda mbele tena kuutafuta. Aliniomba nilale chali ili hewa ipande na maji yateremke upande mwingine, akakagua upya sehemu aliyokwisha kuikagua. Hakuna aliyekuwa anamkimbiza, na sijui kama kuna mtu angejua kama angeuacha ule mkunjo mmoja.

Lakini tofauti hujulikana baadaye. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti kutoka Illinois uliofuatilia madaktari 12 wazoefu. Muda wao wa kurudi, pale ambapo hawakukata kitu, ulianzia dakika 3 na ushei hadi karibu dakika 17. Waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi walikuta vinyama kwa asilimia 28 ya watu waliowapima, na waliokimbia waliviona kwa asilimia 12 tu. Chombo ni kilekile, na wote walikuwa na vyeti. Tangu hapo dakika 6 zikawa kiwango cha chini cha mahali pengi, na utafiti mkubwa wa California wa mwaka 2014 ukaonyesha kuwa kila kiwango cha daktari cha kugundua vinyama kinapopanda kwa asilimia moja, hatari ya wagonjwa wake kupata saratani kabla ya kipimo kinachofuata hupungua kwa asilimia 3. Mgonjwa anayo haki ya kumuuliza daktari kwa adabu: huwa unatumia muda gani kurudi? Fundi anayeipenda kazi yake hulifurahia swali hilo.

Kinyama changu kilikuwa upande wa kulia, kwenye utumbo unaopanda. Mimi nisingekiona. Kilikuwa kama shanga iliyopauka, upana wa milimita 7, kimejilaza pembeni ya mkunjo na rangi yake ni ileile ya ukuta isipokuwa vijishipa vya damu vilikatika pale kilipoanza. Vingine huwa na kikonyo kama embe, na hivyo hata macho yangu yangeviona. Hiki hakikuwa na kikonyo. Daktari akasema neno moja, nesi akapitisha waya kwenye njia ya ndani, na kitanzi chembamba kikachanua kwenye skrini. Hapa ndipo nilipoona watu wawili wakiwa mtu mmoja. Daktari alikilaza kitanzi juu ya kinyama, akakibonyeza kidogo ili kishike na ukingo wa nyama nzima kuzunguka. "Funga... pole pole... funga." Nesi alifunga kwa vidole vyake. Nilisubiri maumivu, hayakuja, kwa ile sababu niliyoeleza kwamba utumbo hausikii kukatwa. Tone moja la damu likatoka, likasimama. Kinyama kikafyonzwa, kikanaswa kwenye kichujio, kikatiwa kwenye kichupa cha dawa kupelekwa maabara. Vinyama vya aina hii vikiachwa, baadhi yake hugeuka saratani, kwa kawaida baada ya miaka kama 10. Kilichohitaji miaka 10 kiliondoka kwa chini ya dakika moja.

Mrija ulitoka nje saa 4:46.

Mambo ya baadaye ni mepesi. Tumbo hujaa hewa, na hewa hiyo lazima itoke, na manesi wa pale wanafurahi ikitoka. Hatari zipo na ni vizuri zitajwe kabla ya kutia saini: utumbo unaweza kutoboka, jambo linalowapata chini ya mtu 1 kati ya 1,000 katika vipimo vya kawaida, na damu inaweza kutoka pale palipokatwa, hata wiki mbili baadaye. Tumbo likikaza na kuuma sana, homa ikipanda, au damu ikitoka kwa wingi, ni kurudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nilirudi baada ya wiki mbili kuchukua majibu, nikaomba ruhusa ya kuona chumba cha kuoshea. Nilikubaliwa kusimama mlangoni. Kijana mwenye aproni ya plastiki na glovu ndefu aliunganisha mrija na pampu ndogo, akaujaza hewa, akauzamisha wote kwenye beseni la maji. Kisha akaikunja ncha juu, chini, kushoto, kulia, macho yake hayabanduki majini. Nilitambua mara moja anachofanya. Ni kile anachofanya fundi baiskeli pale chini ya mwarobaini: anatafuta pancha. Kiputo kimoja tu maana yake chombo kimetoboka na maji yanaweza kuingia ndani yake, na chombo hicho hakitumiki tena hadi kitengenezwe. Hakikutoka kiputo. Akapitisha brashi ndefu ndani ya ile njia, ikatokea upande wa pili, akaisafisha, akairudisha, na tena, mpaka ikatoka safi. Halafu sabuni, suuza, dawa ya kuua vijidudu kwa dakika zake kamili akitazama saa, suuza, spiriti, hewa ya kukausha, maana unyevu ukibaki vijidudu huzaliana usiku. Mwisho akautundika kabatini wima, ncha chini, bila kugusa sakafu. Mle ilikuwa mirija minne, imenyooka kama nguo zilizopigwa pasi. Nilimuuliza anaosha mingapi kwa siku. Akasema hahesabu, kila mmoja anauosha kama ndiyo wa kwanza.

Kinyama changu kilikuwa cha aina inayoweza kugeuka, lakini hakikuwa kimegeuka. Kwa ajili ya habari ya baba niliambiwa nirudi baada ya miaka 5, na nikaambiwa niwapigie ndugu zangu.

Kaka yangu mkubwa ni seremala, yuko Tanga, ana miaka 56 na hajawahi kupimwa chochote zaidi ya malaria.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Wamekuonaje?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza hadi nilipofika kwenye kona ya kwanza, ndipo akauliza swali la seremala: mtu anapitaje kona ndani ya kitu laini namna hiyo, asikitoboe, na mkono wake uko nje?

"Anavuta," nikamwambia.

Akanyamaza. Nilisikia randa ikiwekwa mezani.

"Anavuta," alirudia. Halafu akauliza hiyo dawa inaanza kunywewa saa ngapi.